Safari ya Pemba kwa Baiskeli: Hesabu ya Vilima, Upepo na Maji

Mwaka juzi mimi na mtoto wa ami yangu tulishuka bandarini Mkoani, tukala chakula cha mchana bila ya haraka yoyote, tukafunga mizigo kwenye keria za baiskeli na kuambiana kwamba magharibi itatukuta Chake Chake tukiwa tumeshaoga. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, kutoka Mkoani hadi Chake hapafiki kilomita 20, na hata tulipoziongeza kona zote tulizoziona tulipata safari isiyozidi ile ya kutoka mjini Unguja hadi Jozani, ambayo tumeshaifanya mara nyingi na kurudi siku hiyo hiyo. Magharibi ilitukuta Mtambile, pancha mbili nyuma yetu, taa hatuna, maji ya kunywa yamekwisha, nasi tunazisukuma baiskeli kwa mikono. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani alituangalia kwa huruma, kisha akauliza: "Wanangu, nyinyi mmezipanda baiskeli au baiskeli zimekupandeni?"

Safari hii tunaipanga upya, na ninaandika mipango yetu hapa kwa sababu wengi wa wale wanaoniuliza kuhusu kuendesha baiskeli Pemba huanza na swali lile lile tulilolianza sisi, yaani ni kilomita ngapi. Pemba kilomita si kipimo. Kisiwa chenyewe kina urefu wa takriban kilomita 67 kutoka kusini hadi kaskazini, na hakuna kilima hata kimoja kinachofika mita 150 juu ya bahari, kwa hivyo mtu wa bara aliyezoea Usambara ataviona vilima vyetu kuwa ni vichuguu. Taabu haimo katika urefu wa kilima bali katika wingi wa vilima. Barabara huteremka hadi bonde la mpunga, ikavuka kijito, ikapanda tena hadi kwenye mikarafuu, na kabla hujapata pumzi inateremka bonde la pili. Nguvu unayoipata kwenye mteremko ungeweza kuitumia kupandia kilima kinachofuata, lakini chini ya mteremko mara nyingi pana kona, au daraja jembamba, au ng'ombe anayevushwa na mtoto wa skuli, na hapo inakulazimu ushike breki na kuitupa nguvu yote uliyoichuma.

Kwa sababu hiyo safari hii hatuhesabu kilomita bali tunahesabu saa za ubaridi. Siku moja ya baiskeli, kwa mpango wetu, ni kuanzia baada ya sala ya alfajiri hadi saa nne asubuhi, na basi. Ikiwa saa nne imetukuta njiani, tutapumzika penye kivuli na dafu hadi alasiri. Mwenzangu, ambaye ni mtu wa kupenda kufika, aliona kwamba huu ni uvivu uliovishwa kanzu, lakini nilipomkumbusha Mtambile alinyamaza.

Jambo la pili lililobadilika ni mwelekeo. Tumechagua kwenda katikati ya Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar, ambao mwaka huu unaangukia baina ya Julai na Agosti, wakati masika yameshapita, jua halijawa kali, na kusi inavuma. Anayeendesha baiskeli kutoka Mkoani kwenda Wete anakwenda kaskazini, na kwa hivyo upepo wa kusi unamsukuma mgongoni safari nzima, ilhali anayeanza Wete kuteremka Mkoani anapigana nao uso kwa uso juu ya kila kilima. Ni jambo dogo, lakini mwaka juzi hatukulifikiria kabisa. Tulikwenda wakati wa kaskazi, na tukala vumbi letu wenyewe.

Kusi ina bei yake, hata hivyo, nayo hulipwa baharini. Upepo ule ule utakaotusaidia barabarani ndio unaoufanya mkondo wa Nungwi kuwa mkali, na mwenzangu hutapika hata boti ikiwa bado imefungwa gatini. Mama yangu naye, tangu ajali ya Septemba 2011 ilipoizamisha Spice Islander katika mkondo huo huo, hakubali mtoto wake yeyote asafiri usiku kwa chombo chochote, na mimi sina nia ya kubishana naye. Tutaondoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, kwa boti ya asubuhi, tutafika Mkoani, na siku hiyo hatutapanda baiskeli isipokuwa kutoka bandarini hadi kwa wakwe zake mwenzangu, ambako tutalala. Siku ya kuvuka bahari ni siku ya bahari; kosa letu la mwanzo lilikuwa ni kutaka iwe pia siku ya barabara.

Kuhusu baiskeli zenyewe sitasema mengi. Baiskeli nzito ya gia moja, ile inayobeba magunia na mabanzi kila pembe ya Pemba, itakufikisha kokote ikiwa huoni haya kushuka na kusukuma, na wenyeji hawaoni haya. Mimi nimenunua ya mtumba yenye gia, na fundi wangu wa Mwanakwerekwe amenibadilishia gia ya nyuma akaweka yenye meno mengi zaidi, ili mguu uwe mwepesi mlimani. Breki zote mbili zimewekwa raba mpya. Tumechukua tyubu mbili za akiba kila mmoja, viraka, solusheni, pampu, na spana ya kufungulia tairi, kitu ambacho mwaka juzi tulikiacha nyumbani mezani. Kila Ijumaa asubuhi tunapanda Masingini mara tatu mfululizo, kwa kuwa huku mjini hatuna pengine pa kuizoesha miguu.

Siku ya pili, basi, ni Mkoani hadi Chake. Siku ya tatu ni Chake hadi Wete kwa njia ya zamani, ambayo tumeichagua makusudi kwa kuwa ina magari machache na kivuli kingi. Wakati huo wa mwaka karafuu huwa zimeanza kuchumwa, na aliyepita Pemba msimu wa mavuno anajua kwamba harufu hukufikia kabla ya kijiji, kwa sababu karafuu huanikwa majamvini mbele ya nyumba, pengine hadi ukingoni mwa lami. Mwendesha baiskeli aangalie sana: kupitisha gurudumu juu ya jamvi la mtu ni kukanyaga ada ya skuli ya watoto wake. Pemba ilishika nafasi ya kwanza katika karafuu baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na mpaka leo ukitaka kuijua hali ya mwaka huu mtazame mtu anavyolifagia jamvi lake.

Njiani tutaingia Kidike kuwaona popo. Popo wa Pemba hawapatikani popote pengine duniani, nao ni wakubwa kiasi kwamba mabawa yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu. Zamani waliliwa, hata wakakaribia kwisha, kisha wanavijiji wakaanza kuwahifadhi. Mchana huning'inia mitini wakijipepea kama mabibi harusini, na kwa kuwa wanaonekana mchana hatuna haja ya kuwasubiri hadi magharibi. Nilitaka pia tuende Pujini, kwenye ngome ya Mkama Ndume, ambaye masimulizi yanasema aliwalazimisha watu wake kubeba mawe ya ukuta huku wakijiburura kwa makalio. Nimeiondoa. Ipo upande wa mashariki wa Chake, nje kabisa ya njia yetu, na kuiongeza kungeturudisha kwenye ule ugonjwa wa kutaka kuona kila kitu kwa siku nne.

Wete tutafikia kwa khalati yangu, dada yake mama. Rafiki yangu mmoja wa Mwanza, nilipomweleza mpango huu, alisema kwamba safari ya baiskeli na miguu hunoga kando ya ziwa, ambako mtu anaona maji yaliyotulia na milima nyuma yake. Nilimjibu kwamba sisi Pemba tunacho kijiji kinachoitwa Ziwani, jibu ambalo halikumridhisha. Lakini laiti angesimama jioni kwenye mwinuko wa Wete akatazama magharibi, ambako Fundo, Njao na visiwa vyengine vimejipanga kama ukuta baina ya ghuba na bahari kuu, angeyaona maji yametulia tuli, mitumbwi inapita juu ya kivuli chake, na mikoko imezunguka ukingo wote. Tofauti na ziwa ni kwamba ukirudi baada ya saa sita utakuta nusu ya maji hayapo.

Na hapo ndipo penye hesabu iliyo ngumu kuliko zote, ile ya siku ya nne. Siku hiyo tutatoka Wete kwenda Konde, tutapita msitu wa Ngezi, na tutaziacha baiskeli karibu na Vumawimbi ili tutembee kwa miguu ufukweni, tuizunguke Ras Kigomasha penye mnara wa taa, kisha tuteremke upande wa magharibi hadi Panga ya Watoro. Matembezi haya ni mazuri maji yakiwa yamepwa, kwa sababu mchanga mgumu wa chini hubeba mguu. Maji yakijaa, mtu hubanwa baina ya bahari na miamba, akawa anatembea juu ya mchanga laini unaomrudisha nyuma hatua moja katika kila tatu. Mwani na pweza zimewafundisha wanawake wa pwani hesabu hii tangu zamani, na mimi nimeichukua kwao. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya kwetu hujaa takriban saa kumi na kupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti baina ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa maji mafu, mwezi saba na mwezi ishirini na mbili kwa tarehe za mwezi mwandamo, mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa hivyo hatukuanza kupanga safari kwa kutazama siku ya kuondoka. Tulianza na siku ya Kigomasha, tukaiweka mwezi 16, ili maji yapwe baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha tukahesabu kurudi nyuma: mwezi 15 tufike Wete, mwezi 14 tufike Chake, mwezi 13 tuvuke bahari. Atakayekwenda bila ya kuuangalia mwezi ataikuta Vumawimbi nzuri vile vile, lakini ataiona akiwa amekaa.

Ngezi yenyewe tutaipa muda tukirudi, mchana, wakati ambapo jua la nje haliendesheki na ndani ya msitu kuna ubaridi. Ni msitu wa kale uliobaki wakati sehemu kubwa ya kisiwa ikigeuzwa mashamba, na ndani yake umo mpapindi, mti mwembamba wa porini wa jamii ya mnazi, ambao asili yake ni Pemba tu. Wamo pia kima punju, nao ni wageni kama sisi, kwani waliletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Ada hulipwa kwenye ofisi iliyopo langoni, na huingii njia za ndani bila ya mtembezaji. Barabara inayoupasua msitu ni ya watu wote, ila si adabu kuipita kwa kelele.

Wengine huniuliza kama tutapiga hema. Hatutapiga. Anayetaka kufanya hivyo ni lazima kwanza aonane na sheha wa shehia ile, na akishaonana naye kuna uwezekano mkubwa wa kuambiwa alale kwa sheha mwenyewe. Mavazi nayo ni suruali ndefu au inayovuka magoti, kwa sababu tutasimama misikitini na vibarazani, na mwenye kusimama bila ya kusalimu Pemba hajasimama.

Lililobaki ni khalati. Nilimpigia simu juzi kumwarifu kwamba asubuhi ya mwezi 16 tutaondoka kwake saa kumi na moja na nusu, mara tu baada ya kusali, ili tuwahi maji ya Kigomasha. Akauliza tutakula saa ngapi. Nikamwambia tutabeba tende na mkate. Pakawa kimya hadi nikadhani simu imekatika, kisha akasema: "Maji hayakusubiri, sawa. Basi na mimi nitaamka saa tisa." Nimelazimika kuongeza kikapu cha mkate wa kumimina katika hesabu ya uzito wa kilima cha kutokea Wete, na mwenzangu tayari ameshadai kwamba kikapu hicho kipande keria yake. Jumatatu, inshallah, nakwenda Malindi kukata tiketi na kuuliza kama baiskeli hulipiwa kwa kichwa au kwa kilo.