Herufi moja tu, sumu ya dondakoo ikaisha makali

Jamani kuna protini naipenda sana na leo lazima niiseme, inaitwa CRM197. Ni sumu ya dondakoo ile ile ila ina hitilafu sehemu moja tu.

Anza na ile nzima kwanza. Ina amino asidi 535, upande mmoja unaishika seli, wa kati unasaidia kupenya, halafu kuna kipande A, huyu ndo muuaji mwenyewe, akishaingia anachukua NAD (molekuli ndogo iliyomo ndani ya seli), anaimega na kubandika kipande chake kwenye EF-2, ile protini inayosogeza ribosomu wakati seli inatengeneza protini zake, basi EF-2 inagoma, kazi inasimama, seli inakufa. Na kwa kuwa ni kimeng'enya hachoki, akimaliza EF-2 hii anahamia ile. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walionyesha molekuli moja tu ya kipande A ikiingia inatosha kuua seli. Moja!

Sasa mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uchida, Pappenheimer na wenzao kule Harvard wakachukua kirusi kinachobeba jeni ya sumu (bakteria wa dondakoo hana jeni hiyo mwenyewe, anaipata kwa kirusi), wakakipiga kemikali ya kuvuruga DNA, wakaanza kuchambua sumu zilizoharibika. CRM197 ikatoka humo. Baadaye ikajulikana ni amino asidi ya 52, glisini, imegeuka glutamati, yani kwenye DNA herufi G moja imekuwa A, basi. Inaishika seli vizuri, ila kipande A hakiwezi tena kuishika NAD, kwa hiyo EF-2 inapiga kazi kama kawaida.

Ndugu yake CRM45 ni kinyume kabisa, imekatika mkiani, kipande A kiko na makali yote ila sumu haina cha kushikia seli, ni mwizi mwenye panga kali nje ya geti lililofungwa. Ndo maana mtu akiniambia "imepata mutesheni" mi nauliza imepiga wapi, bila hapo hujaniambia kitu.

Na kwenye chanjo, hii CRM197 haihitaji formalini kuondolewa sumu, inabebeshwa sukari za ganda la bakteria wa nimonia, maana kinga ya mtoto mchanga ikiona sukari peke yake haishtuki. Ndo iliyomo kwenye PCV13, chanjo ya nimonia, ile Tanzania iliyozindua Desemba 2012, mtoto anachomwa pajani wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wamama wanaoniuliza kliniki kama ni salama nawajibu kwa moyo wote, ndiyo, mleteni mtoto amalize zote tatu.