Jinsi nilivyomaliza vurugu ya stoo mbili

Nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, Kariakoo na Mbagala. Mteja wa Mbagala aliambiwa koki zimeisha, kumbe Kariakoo ziko arobaini. Kila swali lilipitia simu yangu, na nikiwa kwenye foleni Kilwa Road, biashara inasimama.

Nikafungua jedwali moja la mtandaoni, wauzaji wote wanaliona kwenye simu zao. Wiki ya kwanza hesabu zikakataa kabisa. Nilikesha nikilinganisha na daftari hadi nikaona: mmoja aliandika "koki nusu", mwingine "koki ya 1/2", zote ni koki ileile ya nusu inchi, lakini jedwali likazihesabu kama bidhaa mbili. Nikafuta yote, nikaweka orodha ya majina. Sasa unachagua, huandiki.

Lakini kilichobadilisha duka hasa ni ruhusa. Niliwaambia vijana: mzigo ukiwa upande wa pili, agizeni bodaboda wenyewe, msiningoje. Zamani nilikuwa mlango wa kila uamuzi. Jedwali bila ruhusa hiyo lingebaki daftari tu, la kwenye kioo.

Jana koki sita zilifika Mbagala kabla sijajua zimeombwa.