Kumbukumbu ya mradi wa besi wa Naivasha: safari ya 14, kwenye ua uliozama

Hii ni safari ya 14 tangu nianze kuweka daftari la besi, samaki mwindaji wa Ziwa Naivasha, nayo ni ya kwanza ambayo sikuchagua pa kuvulia kwa mazoea bali kwa kipimo. Ziwa hili nimelizoea tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilijua kona zangu tatu au nne ambazo hazikuninyima samaki. Maji yalipoanza kupanda mwishoni mwa mwaka 2019, kona hizo zote zilimezwa, ukingo wa mafunjo ukasogea, na mahali nilipokuwa nikisimama kwa miguu leo mtumbwi unapita juu yake. Swali la mradi huu ni moja tu: besi wamehamia wapi?

Besi si mwenyeji wa Naivasha. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, miaka minne baada ya tilapia, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa fahari ya wavuvi wa ndoano hapa. Baadaye, mwaka 1970, waliletwa kamba wekundu wa Louisiana, ambao besi aliwapokea kama chakula alichokifahamu tangu kwao. Aliyembadilishia maisha ni samaki aina ya kapu, aliyeanza kuonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambaye alikuja kujaza mitumbwi ya wavuvi wa nyavu. Kapu hutafuta riziki kwa kufukua matope chini, na matope yakishafumuka, maji hukosa uangavu. Besi naye huwinda kwa macho: hujibanza kando ya kisiki au jiwe, humsubiri mpitaji, kisha humrukia kwa mwendo mfupi. Kwa hiyo dhana niliyoiandika ukurasa wa kwanza wa daftari ni kwamba besi wa leo atapatikana pale panapokutana mambo mawili, yaani maji yanayopitisha mwanga na kitu cha kujificha. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Ili kupima mwanga nilitengeneza sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20, nikaipaka nyeupe na nyeusi kwa robo robo, nikaifunga chubwi, yaani uzito wa kuizamisha, chini yake na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Unaishusha polepole upande wenye kivuli cha mtumbwi mpaka macho yasiione tena, kisha unahesabu mafundo. Ni kazi ya dakika moja, na ninasikitika kwamba nilipoteza safari 13 bila kuifanya.

Tuliondoka upande wa Karagita saa kumi na mbili na robo asubuhi, mimi na nahodha wangu, mzee ambaye amelijua ziwa hili kabla sijazaliwa. Tulipiga makasia kwa utulivu, kwa sababu viboko walikuwa ndio kwanza wanarudi majini kutoka malishoni, na njia yao ya asubuhi haizuiwi. Hapakuwa na upepo. Karibu na mahali tulipoanzia sahani ilipotea kwenye sentimita 30, na pembeni mwa kisiwa cha magugumaji kilichokuwa kikielea ikapotea kwenye 40. Niliandika vipimo bila kurusha ndoano. Kwenye ukingo wa mafunjo hai nilipata 60, jambo lisilonishangaza, maana mafunjo hutuliza maji na kunasa udongo kati ya mashina yake.

Hapo kwenye mafunjo nilivua kwa saa nzima na sikuguswa hata mara moja. Mwanga ulikuwapo, lakini chini palikuwa tambarare, bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, ikigonga tope laini kila nilipoishusha. Nilipomweleza nahodha kwamba natafuta maji kama haya yenye kitu kigumu chini yake, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, unatafuta ua. Twende nikuonyeshe ua niliouchimbia nguzo mwenyewe."

Alinipeleka kwenye ghuba ndogo iliyozungukwa na migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, matawi yake yamejaa minandi. Zamani hapo palikuwa malisho ya ng'ombe wa shamba alilofanyia kazi. Nguzo za ua zimezama zote, ila yeye aliupanga mstari wake kwa kutazama mgunga mmoja wenye tundu na kilele cha Mlima Longonot, akasimamisha mtumbwi, akaniambia nishushe bildi. Iligonga mbao kwenye mita 2.4. Sahani ilionekana hadi sentimita 90, kipimo kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo.

Nilitumia chambo bandia cha mpira chenye rangi ya wale kamba wa Louisiana, hudhurungi inayoelekea wekundu, na chubwi ndogo ya gramu 7. Chambo cha namna hii hakivutwi haraka. Unakiacha kifike chini, unainua ncha ya fimbo kidogo, unakiacha kianguke tena, na akili yako yote inakuwa kwenye mshipi pale unapoingia majini. Katika mrusho wa tatu mshipi ulisogea upande wa kushoto kiasi cha kiganja kimoja, bila mtikiso wowote, kama mtu anayevuta uzi taratibu kutoka kwenye nguo. Nilisubiri nusu pumzi, kisha nikakaza.

Alikuwa besi wa sentimita 41, mwenye uzito wa kilo 1.1. Nilimtazama kwa makini kabla ya kitu kingine: taya la juu linapita nyuma ya jicho, mgongo wa kijani cha zeituni, na ubavuni ule mstari mweusi uliovunjika-vunjika, uliokolea zaidi kuliko kwa samaki niliowapata kwenye maji ya tope, ambao huwa wamepauka. Huyo tulimweka kwa chakula. Tulipompasua, tumboni mlikuwa na gando moja zima la kamba, vipande vya magamba yake mekundu, na hakuna mabaki ya samaki hata kidogo.

Hadi saa tano nilikuwa nimepata wengine wanne kwenye ua huohuo, wote wa kati ya sentimita 24 na 33, na wote niliwarudisha majini. Wa sita nilimpoteza, na kosa ni langu. Alikuwa mzito kuliko wote; alielekea moja kwa moja kwenye nguzo, nami nikiwa na mshipi mwembamba niliouchagua kwa maji ya wazi. Nilipouvuta ukiwa umekatika, mita moja ya mwisho ilikuwa imechubuka kama iliyopitishwa kwenye msasa. Waya wa miba bado upo huko chini, na mzee akathibitisha kwamba aliupigilia nyuzi nne.

Upepo ulianza kabla ya adhuhuri na tukarudi, kwa kuwa mawimbi ya alasiri katika ziwa hili si ya kuchezea kwa mtumbwi mdogo.

Siku moja haithibitishi dhana. Samaki watano kwenye ua mmoja wanaweza kuwa bahati, na nimeliandika hilo pembeni ya jedwali kwa kalamu nyekundu. Safari ya 15 nitarudi kwenye ua na mshipi mnene zaidi, kisha nitapima ghuba mbili nyingine zenye migunga iliyokufa lakini maji machafu, nione kama kificho peke yake kinamshikilia besi. Mvua zikianza na Mto Malewa ukaleta udongo wake upande wa kaskazini, nitapima tena pale pale. Mzee amekubali kunichorea nyua zote anazozikumbuka, na karatasi nimemwachia.