Maji ya moto ya saa 11 alfajiri

Mabasi ya kwenda mbali yanaondoka Njombe mapema, kwa hiyo wageni wangu wengi wanaoga saa 10 au saa 11, jua halijachomoza bado. Mwezi wa sita saa hizo baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilipofunga hita ya sola kwenye nyumba yangu ya wageni ya vyumba 6, niliwafikiria hao hao wa alfajiri. Na ndio hao walioanza kunigongea mlango: "Mama, samahani, maji ni ya uvuguvugu."

Iliniuma kwa sababu jioni maji yale yale yalikuwa yanaunguza. Nikanunua kipimajoto, nikakifunga kwenye bomba la kutolea maji juu ya tangi. Nikasubiri siku ambayo nyumba haina mgeni hata mmoja. Saa 12 jioni kilisoma nyuzi 58. Saa 11 alfajiri, nyuzi 31. Hakuna aliyefungua koki usiku kucha.

Tangi ni la lita 200. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2 hivi, kwa hiyo nyuzi 27 zilizopotea kwenye lita 200 ni zaidi ya uniti 6 za umeme. Za usiku mmoja. Kama ningekuwa nazinunua kwa LUKU ningeshtuka wiki ya kwanza.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka niongeze paneli. Wa pili, kijana wa Makambako, hakuigusa paneli. Aliniuliza tu, "Mama, umewahi kushika lile bomba la juu usiku?" Sikuwahi. Siku hiyo saa 4 usiku tulipandisha ngazi, yeye akishika tochi. Bomba linalounganisha tangi na sehemu ya juu ya paneli lilikuwa la moto, na paneli yenyewe ilikuwa baridi kama bati lake.

Akanieleza, na nimelirudia somo hilo kwa kila jirani anayetaka kufunga sola. Mfumo wangu hauna pampu. Mchana maji ndani ya paneli yanapata moto, yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe kwenda kwenye tangi. Ya baridi yaliyo chini ya tangi yanashuka kushika nafasi yao. Usiku, hasa anga likiwa jeupe bila wingu, paneli inapoa kuliko hata hewa inayoizunguka. Tangi likiwa limekaa chini mno, mzunguko unageuka: maji ya paneli yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka na kuvuta ya moto kutoka kwenye tangi yaje yapoe nayo. Paneli iliyokusanya joto mchana kutwa inalimwaga angani usiku kucha.

Dawa yake ni kuinua tangi. Kitako chake kiwe juu ya ukingo wa juu wa paneli kwa sentimita 30 au zaidi. Langu lilikuwa chini ya hapo kwa sababu mimi ndiye niliyeomba lisionekane kutoka barabarani. Tulichomelea stendi ya chuma, tukalipandisha mpaka kitako kikawa sentimita 50 juu ya paneli. Usiku uliofuata joto lilishuka kutoka 58 hadi 46.

Nyuzi 12 bado ni nyingi, na hapo ndipo nilipomkumbuka mama yangu. Alikuwa akipika kande kwa kuni chache sana. Zikishachemka vizuri, aliipua sufuria ikiwa imefunikwa, akaitia kwenye sanduku la mbao lililojaa maranda, akaikandamizia gunia juu, akaenda shambani. Tulirudi jioni kande zimeiva na bado zinatoa mvuke. Hakuongeza moto wowote. Aliuzuia ule uliokuwamo usitoke.

Njombe hatuna shida ya maranda, mashine za mbao zimejaa. Nilimwambia fundi seremala atengeneze kasha kuzunguka tangi, tukaacha nafasi ya sentimita 15 pande zote, tukajaza maranda makavu, juu tukafunika bati ili mvua isipenye. Ukavu ndio kila kitu. Maranda yakilowa hayazuii tena joto, yanalipitisha. Baada ya kasha, kipimajoto kilisoma 53 alfajiri, na usiku huo hewa ya nje ilikuwa nyuzi 6.

Ukubwa wa chombo nao unasaidia. Sufuria ya kande inachelewa kupoa kuliko kikombe cha chai, maana joto linatokea kwenye ngozi ya chombo, na chombo kikubwa kina ngozi ndogo ukilinganisha na tumbo lake. Ndiyo maana nilikataa kununua matangi mawili ya lita 100. Kule Andasol, kusini mwa Hispania, mtambo mmoja unatunza joto la jua ndani ya tani 28,500 za chumvi iliyoyeyushwa, yenye nyuzi karibu 390, na chumvi hiyo inaweza kuendesha mashine za umeme kwa saa 7 na nusu bila jua. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona mama na sanduku lake.

Wakati wa masika ni habari nyingine. Ukungu ukikaa siku tatu hakuna joto la kutunza, ninawasha hita ya umeme iliyo ndani ya tangi, basi.

Kilichobaki ni bomba la kwenda vyumba namba 5 na 6. Ni mita 11 za nusu inchi, na ndani yake yanalala karibu lita 2 za maji ambayo yanapoa hata tangi likiwa la moto. Mgeni anayamwaga kwanza ndipo ya moto yamfikie, na huku anatetemeka. Jumamosi nakwenda mjini kutafuta ile sponji nyeusi wanayoivisha mabomba ya viyoyozi. Ya kutosha mita 11, na kipande cha akiba kwa ajili ya kona.