Nilivyoivunja 4,294,967,297 kwa peni na kaunta buku

Wiki tatu nimekuwa na hii namba, na juzi usiku nimeimaliza kwa mkono: nimepata namba mbili zinazozidishana kuizaa. Ni 2 kipeo cha 32, ongeza moja. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na yenyewe, kwa sababu ndugu zake wadogo (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ongeza moja), 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa kweli. Jamaa mmoja anayefundisha hesabu akaniambia jumlisha tarakimu, unapata 59, kwa 3 haigawanyiki, jaribu 7, 11, 13, ukikosa hiyo ni tasa, kalale. Iliniudhi sana! Kama inagawanyika, kigawo kimoja hakizidi kipeuo chake cha pili, kinachopita 65,536 kidogo, na tasa za chini ya hapo ni zaidi ya elfu sita, sasa ukijaribu nne umethibitisha nini?

Nikaanza moja moja, gawanya ndefu ya tarakimu kumi, kaunta buku ya elfu nne hivi ikawa inaisha huku naiona. Nimefika 97 ndo nagundua kule kwenye 43 nilikosea kutoa, na sikujua makosa mengine yako wapi, jioni nne zimeenda bure.

Kilichoniokoa ni sheria ya Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyeivunja namba hii mwaka 1732 akiwa St. Petersburg, Urusi. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa moja, lazima kigawanyike kwa 64. Kwa hiyo unaruka 64 kwa 64: 65, 129, 193... na mpaka 641 zilizo tasa ni tano tu, 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Tano jamani, badala ya mia na kitu!

Na namba ndefu usiiguse kabisa. Chukua 65,536, ambayo ni 2 kipeo cha 16, igawanye, shika baki, lizidishe kwa lenyewe (maana 65,536 mara 65,536 ndo 2 kipeo cha 32), gawanya tena, baki liongeze moja. Kwa 193 nikabaki na 109. Kwa 257 ikabaki 2, hapo moyo ulidunda maana ilikuwa karibu kweli. 449 ikaacha 325, 577 ikaacha 288. Nikaenda 641: baki la kwanza 154. 154 mara 154 ni 23,716. Halafu 641 mara 37 ni 23,717. Imepungua moja, na moja ndo ile tunayoongeza! Nilisimama, wallahi.

Upande wa pili ni 6,700,417, na hiyo ni tasa, nimeihakiki kwa sheria ileile ya 64, zilibaki saba tu za kujaribu, kuanzia 641 tena mpaka 2,113. Unaanzia 641 kwa sababu zilizo ndogo zaidi zimeshakataa. Saa saba usiku nikamwamsha mdogo wangu, nikampa peni azidishe mwenyewe 6,700,417 kwa 641 bila kumwambia inaenda wapi, akaandika tarakimu kumi, 4,294,967,297, akaniangalia akasema kaka, si ndo ile namba yako?