Siku Moja na Meza ya Plazma Uani Kwangu, Kigamboni

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai naenda kwenye kompresa. Nafungua koki iliyo chini ya tangi, maji yanachuruzika. Huku karibu na bahari, masika yakiingia, hewa yote imelowa, na hewa iliyolowa ni adui wa mkata chuma kwa plazma, yaani hewa inayopashwa joto kwa umeme mpaka inayeyusha chuma. Meza yangu ina tochi ya plazma inayoendeshwa na kompyuta. Ndani ya tochi kuna elektrodi ya shaba yenye kitone cha hafniamu, metali inayovumilia joto kali, kwenye ncha. Hicho kitone ndicho kinachobeba moto wote, na unyevu hukila upesi. Hewa yangu inapita kwanza kwenye bomba la shaba nililolizungusha ndani ya pipa la maji baridi, halafu kichujio, halafu chupa ya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu. Chembe za bluu zikigeuka waridi, nazikausha jikoni taratibu kwenye sufuria isiyopikiwa chakula kamwe.

Saa 1 asubuhi. Kompyuta. Kazi kubwa ya leo ni geti la kupitia kwa miguu la mzee wa mtaa wa pili. Anataka nakshi za milango ya Unguja: mnyororo pembeni, yungiyungi katikati, na juu neno KARIBU. Nachora kwa Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni bure, kisha nahifadhi faili la DXF, aina ya mchoro ambao programu ya meza inausoma.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na sijutii hata dakika moja. Mchonga mbao ana kina cha kuchezea. Petali moja inapanda juu, nyingine inazama. Bamba la chuma halina kina. Sehemu ama ipo ama imekatwa, kwa hiyo kila petali lazima ishikwe na jirani yake, la sivyo inaanguka kwenye maji yaliyo chini ya meza. Herufi ni vilevile. KARIBU ina matumbo manne, yaani sehemu za ndani zilizozungukwa na herufi: moja la A, moja la R, mawili ya B. Kila tumbo naliachia vidaraja viwili vya kulishikilia, kila kimoja milimita 6, kwa sababu kidaraja chembamba kinapinda kwa joto. Navipanga vyote wima kwenye mstari mmoja, ili jicho livione kuwa sehemu ya mwandiko.

Saa 3. Napanga njia ya tochi. Moto unakula upana wa karibu milimita 1.5, kwa hiyo programu inasogeza njia nusu ya upana huo upande wa kutupwa. Mzunguko wa nje unafuata mwendo wa saa, matundu ya ndani kinyume chake, maana hewa inatoka kwenye tochi ikizunguka na ukingo wa kulia ndio unaonyooka. Nakshi za ndani zinakatwa kwanza, umbo la nje mwisho. Kipande kikishaachia bamba, hakikai tena mahali pake. Tundu dogo kuliko mara mbili ya unene wa chuma silitoboi kwa plazma. Natia alama tu, nadrili baadaye.

Saa 4. Bamba la milimita 3, futi 4 kwa 8, lina kilo 70 hivi. Tunalibeba wawili, mimi na mdogo wangu. Klempu ya ethi, inayorudisha umeme kwenye mashine, naishikisha kwenye chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Chini ya mbavu za meza kuna beseni la maji linalomeza moshi na vumbi. Bati la zinki haliwekwi hapa, maana moshi wake unaleta homa. Aluminiamu nayo haikatwi juu ya maji, kwa kuwa haidrojeni inajikusanya na inaweza kulipuka. Watoto wako ndani, nimevaa miwani ya giza nambari 8.

Ampea 45. Tochi inatoboa ikiwa juu milimita 4, inasubiri nusu sekunde, inashuka hadi 1.5, ndipo inaondoka. Kati yake na chuma kuna hewa yenye joto linalopita nyuzi 20,000. Bamba likibenuka, volti zinabadilika, na kidhibiti cha kimo kinaipandisha au kuishusha tochi. Mimi natazama cheche za chini. Zikiinama kidogo nyuma, mwendo ni sawa. Ukienda polepole mno, takataka nene ya chuma kilichoyeyuka inaganda chini, ila nyundo inaiangusha. Ukikimbia, inabaki nyembamba na kushika kama gundi, na hiyo inakula mawe ya grainda.

Saa 7 mchana umeme ukakatika katikati ya petali. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa bamba, hata kulifuta. Uliporudi, niliirudisha tochi kwenye sifuri yake, yaani pale ilipoanzia kazi, nikaanzia mistari michache ya programu nyuma ya pale iliposimama. Alama ya maungio kwenye petali ni ya kutafuta kwa kidole.

Saa 8. Kwenye masalio nakata jiko la kuni la dada anayepika chapati barabarani. Ni mbavu nne zinazoingiliana kwa nafasi za milimita 3.3, ili bamba la 3 liingie bila kugongwa.

"Kaka fundi, litasimama bila kuchomewa?"

"Panga mwenyewe, dada."

Akalipanga pale pale sakafuni, akaliwekea sufuria yake kubwa, akaegemea. Likatulia. Jioni atalibomoa na kulitia kwenye mfuko wa kubebea, kwa sababu alikokuwa akiliacha la zamani liliibwa.

Saa 9 hadi 11 ni grainda na kuchomelea. Ukingo uliokatwa kwa plazma ya hewa umeshiba nitrojeni. Ukichomelea bila kuusugua, weldi inajaa vitundu. Nasugua mpaka chuma safi, nachomelea kwenye fremu ya skwea paipu ya milimita 40, kisha narudia kingo zote kwa msasa ziwe za mviringo, maana rangi hukimbia ukingo mkali na chumvi ya bahari huanzia hapo hapo. Ndipo redoksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mipako miwili.

Saa 12:30 jioni mzee akafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Hebu nilione."

Akauangalia mnyororo kutoka chini hadi juu, akasoma KARIBU kwa sauti, akauliza kama madirisha mawili ya mbele yanaweza kupata grili za nakshi hiyohiyo. Yanaweza, ila yungiyungi itabidi nilichore upya, jembamba zaidi. Kesho saa 2 nitakwenda kupima.