Bili ya redio na mikorosho ya mjomba

Jumanne nimerudi kutoka maabara nimechoka, nikafungua sanduku la barua nikakuta bahasha ya tatu kutoka kwa watu walewale. Mbili za mwanzo nilidhani ni matangazo, nikazitupa. Hii nikaifungua. Nadaiwa euro 257.04 za redio na televisheni.

Televisheni sina. Redio sina. Nina simu, na kompyuta yenye ufa kwenye kioo. Lakini hapa Ujerumani kila nyumba inayokaliwa na mtu inadaiwa euro 18.36 kwa mwezi za mashirika ya utangazaji ya umma, usikilize usisikilize. Chumba changu kina jiko na bafu humohumo, kwa hiyo kinahesabiwa ni nyumba. Miezi 14 imejikusanya kimyakimya. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwanafunzi Mjerumani anayepata mkopo wa serikali anaweza kuomba asamehewe, akasamehewa. Mimi niliyetoka Lindi, nisiye na mkopo wa serikali yoyote, nalipa mpaka senti ya mwisho. Kwetu luku ikikata kodi ya jengo mtaa mzima unaongea. Hapa nimeongea na ukuta.

Usiku huohuo binamu yangu wa Nachingwea akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada, shikamoo. Nimepata wakala Dar, anasema Ujerumani chuo ni bure. Anataka milioni mbili na nusu za kushughulikia. Baba amesema atauza kipande cha mikorosho."

Sikulala. Kwetu Wamwera neno la mjomba ni zito, na akisema anauza, anauza. Nayaandika haya kwa ajili ya yule kijana, na kwa wengine wote wa Mtwara na Lindi wanaoambiwa kwamba kusoma huku ni bure.

Ni kweli vyuo vya umma vya hapa vingi havitozi ada. Baden-Württemberg wanamtoza anayetoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na kuna vyuo vingine vichache vimeanza kutoza, lakini hapa Berlin sijalipa ada hata siku moja. Nalipa mchango wa muhula tu, na ndani yake mna tiketi ya treni na basi. Hapo wakala hakudanganya. Alichokificha ni kwamba ubalozi haukupi viza mpaka uoneshe utakula nini na utalala wapi mwaka mzima. Mwenye barua ya ufadhili anaonesha barua. Asiye nayo, njia inayotumiwa na wengi inaitwa Sperrkonto, yaani akaunti unayoweka pesa zako zikafungwa, ukifika unaruhusiwa kuchukua euro 992 tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka.

Nilimpigia binamu yangu hesabu kwa lugha ya nyumbani. Tuseme euro moja ni shilingi 2,800. Hiyo ni zaidi ya milioni 33. Tuseme mnada umekwenda vizuri, korosho kilo shilingi 3,000. Mjomba anatakiwa apeleke ghalani zaidi ya tani 11 kwa msimu mmoja, na mwakani viza ikiisha utaulizwa tena utaishi kwa nini. Shamba lake mwaka mzuri linatoa magunia 20. Huyo wakala aliyetaja milioni mbili na nusu, hii milioni 33 hakuitaja kabisa. Alipoulizwa akasema "tutakuwekea sisi". Mdogo wangu, mtu akikwambia atakuwekea pesa kwenye akaunti ili ubalozi uone kisha azitoe, huyo anakuingiza kwenye udanganyifu wenye jina lako, si lake.

Kuomba chuo hakuhitaji wakala. Vyuo vingi vinapokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, shirika linalopokea maombi kwa niaba ya vyuo. Chuo cha kwanza unalipa euro 75, kila kinachoongezeka katika muhula huo euro 30. Wao ndio wanaokagua vyeti. Na hapa ndipo vijana wa kidato cha sita wanapoumia: cheti kinaweza kukaguliwa kikaonekana hakitoshi kuanza shahada moja kwa moja, ukapelekwa kwanza Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi wenye mtihani mwisho wake. Mwaka huo nao unakula, unalala, unalipa bima. Kisha shahada nyingi za kwanza kwenye vyuo vya umma zinafundishwa kwa Kijerumani, na si Kijerumani cha kuombea maji.

Ndiyo maana msimamo wangu ni mmoja na sitaubadilisha kwa kumwonea mtu haya. Shahada ya kwanza soma nyumbani. Kuna Dar, kuna Sokoine, hata Stella Maris pale Mtwara. Upate GPA nzuri, ufanye kazi mwaka mmoja au miwili, halafu uombe shahada ya pili. Shahada za pili za Kiingereza zipo nyingi, na pesa za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa watu wa nchi zetu zimeelekezwa zaidi kwenye shahada ya pili na ya tatu. Mimi nilipita hukohuko: jiolojia Dar, kwa sababu nilikulia wakati kila mtu kusini anazungumzia gesi ya Mnazi Bay na mimi nilitaka kujua imekaaje huko chini.

Bima ya afya hapa si hiari, inazidi euro 100 kwa mwezi. Chumba ndiyo vita kubwa. Mabweni ya wanafunzi ya Berlin yana foleni ya miezi mingi, kwa hiyo jiandikishe siku ileile unayopata barua ya chuo, usingoje viza. Usimtumie mtu pesa ya chumba ambacho hujakiona na hakuna mtu wako aliyekiona. Kazi unaruhusiwa, siku 140 nzima kwa mwaka au 280 za nusu siku, ila miezi ya mwanzo usiitegemee kazi. Lugha haipo, na makaratasi hayajakamilika.

Darasani hakuna anayeita majina. Usipokwenda wiki sita hakuna atakayekuuliza, na wengi wetu tuliozoea kusukumwa hapo ndipo tunapopotea. Mtihani mmoja mwisho wa muhula unabeba kila kitu, na vyuo vingi vinakupa nafasi tatu tu kwa somo. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Jumapili maduka yamefungwa. Nilikaa wiki nzima bila kusikia mtu akinipa pole wala shikamoo, nikajikuta nawaza ming'oko ya kuchemsha kama mgonjwa.

Lakini niseme na hili, maana hasira ya bili isinifanye nidhulumu. Muhula wa pili, kwenye semina, mwalimu aliniuliza natoka wapi. Nikasema Lindi. Wenzangu walijua Serengeti na Zanzibar. Nikawaambia: nendeni makumbusho ya Invalidenstraße, hapahapa Berlin. Yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka chini hadi kichwani ametoka Tendaguru, kwetu. Walimchimba kati ya 1909 na 1913, na mifupa ilibebwa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, vichwani na mabegani mwa babu zetu, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji kuwamaliza. Kule ndani mimi husimama chini ya yule mnyama nikawaza shingo za wale wapagazi. Nilisema hayo sauti ikitetemeka. Darasa lilinyamaza.

Baada ya kipindi mwalimu akaniita. Nilidhani nimemkosea. Akaniuliza kama nimewahi kuomba ufadhili wa masomo uitwao Deutschlandstipendium. Sikuwa nimewahi kuusikia. Ni euro 300 kila mwezi, nusu inatoka serikalini na nusu kwa wafadhili binafsi, unaomba kupitia chuo chako, na uraia wako haukuzuii. Aliniandikia barua ya kunitambulisha bila mimi kumwomba. Niliupata. Ukishasajiliwa tu, ulizia pesa hizi. Ulizia pia taasisi za ufadhili za Friedrich Ebert na Heinrich Böll, ambazo zinawasomesha na wageni walioko vyuoni tayari. Huku hakuna anayekufuata chumbani kukwambia kuna msaada. Mimi nilisemewa kwa bahati.

Mjomba nilimpigia asubuhi. Shikamoo, marahaba, habari za mvua. Nikamweleza yote, tani 11 na akaunti na mwaka wa maandalizi. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia jogoo wake. Akasema, "Basi mwanangu, mikorosho ibaki." Kisha akanipa kijana, naye sauti ilikuwa imeshuka, nikaumia. Nikamwambia ajaze maombi ya vyuo vya nyumbani dirisha la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, likifunguliwa, na akifika Dar aende Goethe-Institut pale Upanga aulizie darasa la A1. Mwisho wa maongezi aliniuliza A1 ina maana gani. Nikamwambia ni ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani. Tukaongea nusu saa nyingine.

Jioni nimekwenda ofisi ya ushauri ya wanafunzi na ile bahasha. Mama mmoja alinisaidia kuandika barua ya kuomba kulipa kidogokidogo. Wamekubali. Leo nimetuma euro 50 za kwanza.